Ziwa lile lile, ng'ambo ya pili: Mwanza hadi Kampala na Jinja kwa basi la kundi

Matangazo ya safari za kundi kwenda Uganda yanayozunguka kwenye simu za watu wa Mwanza yana picha zile zile: msikiti mkubwa wa Kampala, duara la ikweta, boti kwenye chanzo cha Nile. Picha ya dirisha la uhamiaji Mutukula, mpakani, haimo. Wala haimo ile ya vyoo viwili pembeni ya barabara ya Masaka na watu 25 wamejipanga. Lakini mwulize aliyerudi aliionaje Uganda, ataanza na dirisha na vyoo. Mtu aliyekaa kwenye basi saa kumi na nne halafu akapelekwa msikitini haoni msikiti, anaona ngazi.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye safari lisiwe "tutaona nini". Liwe "tutalala wapi usiku wa kwanza". Kutoka stendi ya Nyegezi hadi Bukoba ni zaidi ya kilomita 400. Kutoka Bukoba hadi Mutukula ni kama 80, na kutoka Mutukula hadi Kampala ni zaidi ya 200. Wapo wanaounganisha zote kwa siku moja, na kwa kuwa sasa pale Kigongo na Busisi kuna Daraja la J.P. Magufuli, la kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025, wanasema foleni ya kivuko imekwisha na siku inatosha. Siku inatosha kufika, ndiyo. Haitoshi kufika ukiwa mzima. Kundi linalounganisha huingia Kampala saa moja au saa mbili usiku, katikati ya foleni ya magari ya jioni, na picha ya kwanza ya mji mgeni inakuwa taa nyekundu za gari la mbele. Linalolala Bukoba na kuondoka saa kumi na moja alfajiri hufika mpakani asubuhi na kuingia Kampala mchana. Tofauti ya bei ni chumba cha usiku mmoja.

Ukishakubaliana hilo, soma kilichomo kwenye bei neno kwa neno. "Malazi" mara nyingi ni kitanda katika chumba cha watu wawili, na anayetaka kulala peke yake anaongeza. "Chakula" huwa chai ya asubuhi tu. "Viingilio" uulize ni vya wapi, kwa sababu Jinja peke yake ina sehemu mbili za kutazama chanzo cha Nile, moja kila upande wa mto, na kila moja ina kiingilio chake. Uliza pia kama dereva ni mmoja au wawili. Kwa mwendo huo, dereva mmoja ni jibu la kukufanya utafute kundi jingine.

Kadi mbili za njano

Mtanzania haingii Uganda kwa viza. Anahitaji hati ya kusafiria, na ni vizuri iwe na miezi 6 au zaidi kabla ya kuisha, pamoja na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Cheti hicho ndicho kinachoangusha watu. Kinaanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, hivyo aliyechanja Jumatano kwa safari ya Jumamosi amechanja bure kwa safari hiyo. Upande mwingine, wapo wanaochanja tena kwa sababu kadi yao ya zamani imeandikwa miaka 10. Tangu 2016 chanjo moja inahesabiwa ya maisha yote, hata kama kadi ilitolewa zamani.

Gari nalo lina kadi yake ya njano, ile ya bima ya COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika), inayolikinga gari likisababisha ajali nje ya nchi. Kiongozi wa kundi anapopaza sauti "kadi za njano tayari?" abiria wanatoa za chanjo, dereva anaitikia kuhusu ya bima, kila mtu anaridhika, na mpakani ndipo inagundulika kuwa mmoja hakuwa nayo. Ziiteni kwa majina tofauti tangu Mwanza.

Mutukula ni kituo cha pamoja: unapotoka Tanzania unaenda moja kwa moja jengo la upande wa Uganda, na humo humo afisa wa Tanzania anakugongea muhuri wa kutoka, wa Uganda anakugongea wa kuingia. Wageni wa njia hii hushuka upande wa Tanzania na kuanza kutafuta dirisha ambalo halipo. Piga hesabu ya muda. Watu 25, dakika 2 kila mmoja kwa kila dirisha, ni karibu saa nzima kwa dirisha moja. Na abiria wakimaliza, basi lenyewe bado, kwa sababu karatasi za forodha za gari huchukua muda kuliko za watu. Mpango unaoonyesha "Mutukula: dakika 30" umeandikwa na mtu asiyewahi kuvuka na basi.

Wabadilisha fedha watakufuata kabla hujanyoosha miguu. Noti yetu kubwa ni 10,000. Ya Uganda ni 50,000, na ukipewa mbili tatu unajiona tajiri ghafla. Utajiri huo una sumu yake: unalipa 20,000 ya kitu kwa sababu kichwani bado unahesabu kwa noti za huku, au unakataa kitu cha bei ya haki kwa sababu sufuri zimekutisha. Uliza kiwango kwa watu watatu kabla ya kutoa chochote, badilisha kiasi cha kula na vyoo tu, hesabu mwenyewe noti moja moja ukiwa umezishika wewe, na zilizobaki zibadilishe kwenye maduka ya fedha Kampala. Dai noti ndogo. Muuza chakula wa barabarani hana chenji ya 50,000.

(Mjini watu wamezoea kumwita mwongoza watalii "gaidi", kwa mdomo wa Kiingereza. Dirishani uhamiaji mwiteni mwongozaji.)

Saa ya nani?

Saa za Uganda na zetu ni sawa, na magari yanapita kushoto kama huku. Hata Waganda wakisema kwa lugha yao wanahesabu saa kama sisi: asubuhi ikipambazuka ni saa kumi na mbili. Shida inaanza mwongozaji anapozungumza Kiingereza. Anasema "seven", mwenye kusikia nusu anabaki na saba, na asubuhi kundi zima limekaa kwenye basi likimsubiri mama mmoja anayejua kuondoka ni saa saba mchana. Dawa ni ndogo: kiongozi wa kundi atangaze saa kwa Kiswahili, kisha aiandike kwa tarakimu kwenye kundi la WhatsApp, 07:00, na mtu mmoja airudie kwa sauti.

Kusubiriana ndiyo kazi kubwa ya safari ya kundi, kuliko hata kutazama. Chukua vile vyoo viwili vya Masaka. Watu 25, dakika 3 kila mmoja, milango miwili: karibu dakika 40, na hapo hakuna aliyenunua soda. Kiongozi akisema "dakika 15" amejidanganya, na kila kituo kinachofuata kitaliwa na kilichotangulia mpaka cha mwisho wa siku, ambacho huwa ndicho kizuri, kipewe nusu saa kukiwa giza. Kundi lenye akili husimama mara nyingi kwa muda mfupi, sehemu yenye vyoo vingi kama kituo kikubwa cha mafuta, na nusu yao wanaanza na chakula. Kuhesabu watu nako kuna njia mbili. Ya kuhesabu vichwa hukosea, kwa sababu kila mara kuna aliyeinama kutafuta kiatu. Ya wawili wawili haikosei: kila mtu ana mwenzake, dereva haondoki mpaka kila mmoja aseme "mwenzangu yupo". Na mwenzako asiwe mke au mume wako, maana mkipotea mmepotea wote wawili.

Viti vibadilishwe kila siku. Wanaowahi siti za mbele Nyegezi hujiona wamezirithi, na walioko nyuma hawasikii maelezo ya mwongozaji siku nne mfululizo.

Hadithi inaanzia Usagara

Mwongozaji wa Kampala atapanda basi mpakani au hotelini, na simulizi yake itaanzia hapo. Hiyo ni hasara kwa mtu wa Mwanza, kwa kuwa nusu ya atakachosimulia ilitokea huku kwetu.

Basi likikunja Usagara kuelekea Kigongo linapita jirani na Bukumbi. Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki, walipoondoka Buganda, ufalme ulioko Kampala, mwaka 1882 walikuja kupiga kambi hapo. Walirudi kwa Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, mwaka 1885, na kati ya mwaka huo na 1887 Kabaka Mwanga II akawaua vijana wa Kikristo waliokuwa wakitumikia ikulu yake. Kundi kubwa lilichomwa moto Namugongo, pembeni ya Kampala, tarehe 3 Juni 1886. Kwa jumla Wakatoliki wanawahesabu wa kwao 22, Waanglikana wa kwao 23. Miaka miwili baadaye, 1888, Mwanga mwenyewe alipinduliwa, akakimbia kwa maji kuja kusini. Alifikia Magu, kisha akapata hifadhi kwa mapadre wale wale, Bukumbi. Mwaka uliofuata akarudi kupigania kiti chake. Ukiwa umesimama ndani ya basilika la Namugongo, lililojengwa kama kibanda cha msonge na kushikiliwa na nguzo 22, mwongozaji atakuonyesha mahali alipochomwa Karoli Lwanga, kiongozi wa vijana hao, na kukwambia Papa Paulo VI alifika hapo mwaka 1969. Mwulize Mwanga alikimbilia wapi. Wengine wanajua, wengine watakushukuru.

Kama kundi lako si la hija, epukeni Namugongo na Kampala kwa ujumla wiki ya tarehe 3 Juni. Mahujaji wanakuja kwa maelfu mengi, wengine kwa miguu kutoka Kenya na Tanzania, na vyumba vinakwisha mapema. Kama ni la hija, basi lipieni malazi miezi kadhaa kabla.

Daraja la Kyaka nalo mara nyingi hupitwa watu wamelala, na hapo ndipo pa kumwamsha jirani. Maji yaliyo chini ni Mto Kagera, mkubwa kuliko mito yote inayoingia ziwani, ambao vyanzo vyake vya mbali viko milima ya Rwanda na Burundi. Kwa hiyo unauvuka Nile kabla hujafika kwenye "chanzo" chake. Daraja la zamani la hapo lilivunjwa na jeshi la Idi Amin mwaka 1978, na kipande cha kutoka hapo hadi Mutukula ndicho kilichovamiwa. Masaka mtakayopita baadaye iliingiwa na jeshi letu Februari 1979, na wazee wa huko bado wanawaita wale askari Bakombozi. Neno hilo lina uzito kwa wenyeji, kila mmoja kwa kumbukumbu yake. Mizaha ya vita ibaki kwenye basi.

Kwa sababu hiyo hiyo Kiswahili usikirushe ovyo mtu wa kwanza unayekutana naye. Wengi wanakielewa, na tangu 2022 serikali yao imeamua kifundishwe shuleni kwa lazima, lakini kwa baadhi ya watu wazima wa Kampala kilikuwa lugha ya kambi za jeshi na ya vizuizi vya barabarani. Anza na salamu yao, "Oli otya, ssebo" kwa mwanamume, "nnyabo" kwa mwanamke, subiri ajibu, ndipo uulize kama anajua Kiswahili. Bei nayo hushuka kidogo.

Yanayochezewa macho

Ikweta mtaikuta Kayabwe, kati ya Masaka na Kampala. Kuna duara mbili nyeupe za kupigia picha, maduka, na vijana wenye beseni tatu. Moja inawekwa kaskazini ya mstari, moja kusini, moja juu yake. Maji ya kaskazini yanazunguka upande mmoja, ya kusini upande mwingine, ya katikati yanashuka wima, halafu unaombwa hela. Ni mchezo mzuri, ulipie kama mchezo. Nguvu ya mzunguko wa dunia ipo kweli, inapinda vimbunga na mikondo ya bahari, lakini kwenye beseni, hatua chache kutoka mstarini, ni ndogo mno kushinda msukumo ambao maji yamepewa na mkono uliomimina. Anayemimina akitokea kulia anapata mzunguko mmoja, akitokea kushoto anapata mwingine. Ukitaka kumjaribu, mwombe aache maji yatulie dakika kadhaa kabla ya kuzibua. Hataki.

Kasubi, Kampala, kunataka adabu zaidi kuliko kamera. Ni makaburi ya Makabaka wanne, Mwanga akiwa mmojawapo, chini ya nyumba kubwa ya nyasi iitwayo Muzibu-Azaala-Mpanga. Iliungua Machi 2010 na kujengwa upya, na 2023 UNESCO ikayatoa makaburi hayo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Dari ina pete 52 za nyasi zilizosokotwa, moja kwa kila ukoo wa Buganda. Hesabu chache tu na utasahau maelezo mengine. Viatu vinavuliwa, wanawake wanajifunga nguo ndefu, na hakuna anayesema Kabaka "amekufa". Nyuma ya pazia la gome la mti ni "msitu", na Kabaka ameingia humo. Gome lenyewe ni lubugo, la mti wa mutuba, na kwa Wahaya mlioko kwenye basi si kitu kigeni. Kanga moja kwenye mkoba wa mkononi inafanya kazi mbili: hapa, na kwenye Msikiti wa Taifa kilima cha Old Kampala. Soksi pia, maana sakafu inakuwa ya moto au ya baridi kali, haina katikati.

Mnarani kwenye msikiti huo ndipo pa kupelekwa siku ya kwanza, sio ya mwisho. Ukiona vilima vyote kutoka juu, kesho yake mwongozaji akitaja Mengo, Namirembe au Rubaga una mahali pa kuviweka kichwani. Lakini mnara una ngazi nyingi za kuzunguka, na wenye magoti mabaya wabaki chini bila aibu. Mtu wa Mwanza aliyezoea vilima vya mawe atashangaa kwamba vya Kampala ni vya udongo, vya kijani mpaka kileleni.

Chakula ni jambo la mpangilio. Sangara mtaisikia ikiitwa mputa, sato ni ngege, dagaa ni mukene. Usiagize samaki kwa jina la Mwanza ukategemea kuletewa. Matoke yanapondwa, hayaliwi kama ndizi zetu za mchuzi, na wanayashushia mchuzi wa karanga. Rolex ni chapati iliyoviringishwa na mayai, inatengenezwa mbele yako kwa dakika chache, na ndiyo inayookoa kundi lililochelewa. Barabara ya Jinja, pale Namawojjolo, wauzaji watalizingira basi na kuku wa kuchoma, nyama kwenye vijiti na gonja, ndizi tamu za kuchoma. Utaratibu: bei kwanza, hela kamili mkononi, chakula ndani ya dirisha, ndipo hela itoke. Dereva hasubiri chenji.

Jinja ni kama kilomita 80 kutoka Kampala. Hapo ndipo maji yote ya ziwa yanapata mlango wake pekee wa kutokea, pamoja na yale ya Mto Mirongo yaliyopita katikati ya Mwanza. Speke, mpelelezi Mwingereza, aliliona ziwa kutokea upande wa Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, ikamchukua hadi 28 Julai 1862 kufika kwenye maporomoko ya Ripon na kutangaza Nile inatokea hapo. Maporomoko hayo hutayaona, na watu wengi wanalalamika kuwa wamedanganywa. Yamezama. Bwawa la Owen Falls, sasa Nalubaale, lilikamilika 1954 na maji yakapanda juu ya mawe. Unachoonyeshwa ni mto mpana uliotulia, na bila maelezo hayo ni mto tu. Upande wa mashariki kuna bustani na sanamu ya Gandhi, ambaye sehemu ya majivu yake ilimwagwa hapo 1948. Upande wa magharibi kuna nguzo ya Speke. Kundi likipelekwa upande mmoja pekee, mtajua mmekosa kipi.

Boti: jaketi la kuokolea liwe na kamba zote, uvae kabla hujakanyaga ubao, na boti ikijaa zaidi ya viti ngojea inayofuata. Bwawa na daraja jipya la Nile, lililofunguliwa 2018, vina walinzi. Usipige picha ukiwa juu yake bila kuruhusiwa, hata kama aliye kiti cha mbele yako anapiga. Simu ikichukuliwa, basi zima linasubiri.

Mkirudi, hakikisheni mihuri miwili Mutukula, wa kutoka Uganda na wa kuingia Tanzania. Anayelala kwenye basi na kukabidhi hati yake kwa mwenzake akagongewe hugundua upungufu safari inayofuata, mbele ya afisa asiyemjua. Na kama ni Novemba, senene wa Bukoba ni wale wale waliouzwa Masaka, nunueni upande huu.